Kidonge cha kolesteroli si ruhusa ya kula mbavu za mafuta

Walioanzishiwa atorvastatin au rosuvastatin, dawa za kushusha kolesteroli ziitwazo statini, huuliza sana kama nyama nyekundu inagombana na dawa. Haigombani. Kula nyama saa mbili usiku, meza kidonge saa tatu, dawa itafanya kazi yake. Cha kuchunga ni balungi: likiliwa kwa wingi, huzuia kimeng'enya kinachovunja simvastatin na atorvastatin, dawa ikarundikana mwilini. Nyama haina kosa hilo.

Kosa lake liko kwingine. Statini huzuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Ini likipungukiwa, huongeza vipokezi vya kunasa LDL, yaani kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu. Sasa, mafuta yanayoganda, yale meupe yanayotanda juu ya mchuzi uliopoa, hupunguza kazi ya vipokezi hivyohivyo. Dawa inafungua, mlo unafunga. Na anayesema "nitaongezewa dozi tu" ajue kwamba dozi ya statini ikiongezwa maradufu, LDL hushuka kwa takribani asilimia 6 zaidi, basi, huku hatari ya matatizo ya misuli ikiongezeka.

Kwa maoni yangu, kumwambia mgonjwa "acha nyama" ni uvivu. Mwambie kiasi. Anayetakiwa kushusha LDL hushauriwa mafuta haya yanayoganda yasizidi asilimia 6 ya nishati ya siku. Kwa mlo wa kalori 2,000 ni kama gramu 13. Gramu 100 za nyama ya kusaga yenye mafuta, ikishaiva, hubeba gramu 6 hivi. Mnofu wa paja uliokatwa mafuta yote hauzidi sana 2 au 3. Kijiko kimoja cha chakula cha siagi kina 7, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: wananunua mnofu safi kisha wanaukaanga kwa siagi.

Kata mafuta kabla ya kupika, si mezani, kwani yakishayeyuka yameingia kwenye mchuzi. Nyama ya kusaga ikaange bila kuongeza mafuta, imwage kwenye chujio, ndipo uweke nyanya na viungo. Supu ilaze kwenye friji, asubuhi uondoe utando ulioganda kwa kijiko. Kwa wiki, nyama nyekundu iliyoiva isizidi gramu 350 hadi 500. Kumbuka gramu 700 mbichi hubaki kama 500 jikoni. Soseji usizihesabu humo, ziache: mafuta na chumvi vyote viwili.

Kuku naye si mkombozi. Mafuta yanayoganda yakiwa sawa, nyama nyeupe na nyekundu hupandisha LDL karibu sawasawa. Kinachosaidia kweli ni kuweka maharage au dengu mahali pa nyama siku kadhaa za wiki, kwani nyuzinyuzi zake hushusha LDL kidogo.

Kumeza vidonge viwili baada ya karamu hakufuti karamu. Matokeo ya statini hupimwa wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Ukiweza, usibadilishe mlo na dozi kwa mkupuo mmoja. Kipimo kikishuka, wewe na daktari hamtajua kilichoshusha ni kipi. Misuli ikiuma bila sababu na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, usingoje tarehe ya kipimo, nenda hospitali siku hiyohiyo.