Treni ya 1829, Fundi wa Kesho

Nimeletewa magurudumu ya treni yangu ndogo ya mvuke. Baada ya "kesho" zote zile, leo asubuhi fundi mkereza kaja mwenyewe mpaka kwangu, kayatoa kwenye gazeti, kayaweka mezani, kavuta kiti, kaomba chai. Nikachukua venia, nikapima la kulia: milimita 90. Nikapima la kushoto: 88. Nikafuta miwani, nikapima tena. 88.

"Fundi," nikamwambia kwa sauti ya mtu mwenye wajukuu, "haya hayalingani."

"Yanalingana, mzee."

"Hili tisini. Hili themanini na nane."

Akalichukua lile dogo, akaliinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja. "Ukipiga rangi haitaonekana."

Haitaonekana! Gurudumu kazi yake kuonekana? Haya mawili yanabanwa kwenye ekseli moja, likizunguka hili na hili limezunguka. Kila mzunguko kubwa linamtangulia mwenzake kwa milimita 6 na ushee, injini inaanza kuvuta kushoto, inasaga reli, halafu inashuka zake sakafuni. Nimemweleza yote hayo. Akanijibu kwamba bajaji yake ina tairi za nyuma tofauti na kila siku inafika Mbagala. Akaongeza sukari.

Na kipimo chenyewe sikukiota. Natengeneza Rocket, injini ya treni ya mvuke, ile ya Robert Stephenson na baba yake George, iliyotoka Newcastle mwaka 1829. Natengeneza ndogo, moja ya kumi na sita, lakini ya kuchemka na kutembea kweli. Gurudumu lake kubwa lilikuwa na kipenyo cha futi 4, inchi 8 na nusu, yaani milimita 1,435. Mliopanda SGR mmeshakikalia hicho kipimo bila kukijua, ndio upana wa reli ile. Gawa kwa 16, unapata 90 kasoro kidogo. Hesabu ya shule ya msingi. Fundi anasema shule hakukaa sana ila mkono wake una uzoefu.

Msiniulize kwa nini naitengeneza, nimeshaulizwa. Shemeji yangu kaniambia Kariakoo kuna ya Kichina ya betri, inapiga honi na kuwaka taa, na chenji inabaki. Duka la rangi nimeomba njano ya Rocket, kijana kaniuliza njano ya daladala ya wapi. Na shaba usiseme. Mji huu ukiulizia shaba, mwenye duka kwanza anakukagua viganja kama ulipanda nguzo usiku. Boila yangu ni kipande cha bomba la inchi mbili na nusu, urefu wake kalamu inakizidi, na nimekilipia bei ya godoro. Risiti sikupewa.

Lakini hayo yote ni manyunyu. Mvua yenyewe ni mwenyekiti wa mtaa.

Elewa kwanza hali ilivyokuwa. Magurudumu yako kwa fundi, yanakuja kesho. Sasa treni ikikosa magurudumu inabaki nini? Inabaki mtungi wa shaba umelala juu ya matofali, una mabomba tumboni, una moto nyuma, na unanuka spiriti. Ndiyo, nawasha kwa spiriti. Rocket yenyewe ilichoma makaa ya koki, yasiyo na moshi mwingi, maana sheria ya reli yao ilitaka injini iumeze moshi wake yenyewe (sheria hiyo ingevuka bahari ikaja huku, sijui barabarani kungebaki gari gani), lakini makaa ya koki ya kuingia mlango wa moto wa upana wa kidole nitayatoa wapi? Kwa hiyo kila usiku kibandani kwangu kunawaka moto wa buluu, na harufu inatembea. Jirani mmoja, simtaji, anajijua, anafuga kuku, akanusa. Akapiga simu.

Wakaja jioni. Mwenyekiti, mjumbe, mgambo na rungu lake, na dereva wa bodaboda aliyemleta mwenyekiti, ambaye hakuwa na shughuli yoyote pale lakini naye akaingia ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibuni."

"Tumepata taarifa."

"Taarifa gani?"

"Taarifa."

Macho yake yalishatua mezani. "Hii ni nini?"

"Treni."

Mgambo akahamisha rungu mkono wa pili. Mwenyekiti akafungua daftari, akaandika, huku akijisomea: "Treni. Magurudumu yako wapi?"

"Kwa fundi."

"Analeta lini?"

"Kesho."

Hapo hata mjumbe, mama ninayemheshimu, akatazama chini.

"Haya. Na hapa panapikwa nini?"

"Maji."

"Maji yakishachemka?"

"Yanakuwa mvuke."

"Mvuke unapita wapi?"

"Kwenye bomba."

"La shaba."

"La shaba."

"Halafu unatokea upande wa pili."

"Unatokea."

Akamgeukia mjumbe kwa uso wa mtu aliyefunga upelelezi. Na kwa kweli, nilivyojisikia mwenyewe nikijibu, ningekuwa na pingu ningejifunga.

Mgambo kainama kwenye mlango wa moto, kamulika na tochi ya simu, anahesabu kwa sauti. "Mkuu, humu mna mabomba ishirini na tano."

"Ishirini na tano!" Mwenyekiti akavua kofia. "Mzee wangu, gongo ya mtaa mzima bomba moja linatosha."

Nikajiweka sawa. Nikawaambia, waheshimiwa, hayo mabomba ndiyo siri yenyewe. Injini za mwanzo zilikuwa na bomba moja nene la kupitisha moto katikati ya maji, joto jingi linatoka na moshi, linapotea. Aliyetoa wazo la kuugawa moto kwenye mabomba madogo mengi ni Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester. Siyo hata fundi, katibu! Rocket ikafungwa mabomba 25 ya shaba, kila moja inchi 3, yamezungukwa na maji. Wenzangu wanaotengeneza ndogo huwa wanayapunguza na kuyanenepesha, kwa sababu chuma unaweza kukigawa kwa 16 lakini maji hayagawiki, kiputo cha mvuke kina ukubwa uleule kwenye injini ya tani nne na kwenye ya kwangu. Mimi nimekataa, nimeweka yote 25. Kila tundu nimelitoboa kwa mkono huu, kila bomba nimelilehemu kwa waya wa fedha, siyo risasi, maana maji yakipungua risasi inayeyuka, boila inafumuka.

"Fedha," mwenyekiti akaandika. "Kumbe ana na fedha."

Nikaona nihamie kwenye mashindano ya injini za treni ya Rainhill, kulekule Uingereza, labda mioyo italainika. Oktoba 1829, zawadi pauni 500, na masharti kama ya zabuni yoyote: injini isizidi tani 6, bei isizidi pauni 550, presha isizidi pauni 50 kwa inchi ya mraba, na boila ijaribiwe kwa maji mpaka 150. Zilifika tano. Cycloped yenyewe haikuwa na boila kabisa, ilikuwa na farasi anayetembea juu ya mkanda.

"Farasi ndani ya treni?" Huyo ni bodaboda.

"Ndani."

"Alishinda?"

"Alitoboa sakafu."

Perseverance ilipata ajali ikiwa bado inapelekwa mashindanoni, mwenyewe akaitengeneza, ikatembea kwa kujikongoja, akapewa pauni 25 za kifuta jasho. "Zabuni zetu hicho kifungu hatuna," mjumbe akanong'ona. Sans Pareil ilizidi uzito na mwisho ikaharibika, Novelty mabomba yakaachia, ikabaki Rocket peke yake. Nikaona mwenyekiti kaacha kuandika. Nikadhani nimempata.

"Iwashe," akasema. "Kama ni treni, iwashe tuone."

Sasa injini ya mvuke huiwashi kama redio. Ikiwa kwenye mwendo, mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hautupwi, unapelekwa kwenye dohani, unapanda kwa kasi, unavuta hewa nyuma yake, na moto unafuata ndani ya mabomba. Yaani hata mvuke mstaafu unapewa stahiki yake. Mimi mafao yangu... tuyaache. Lakini injini ikiwa bado ya baridi, hakuna mvuke wa kuvuta, kwa hiyo unaweka kifeni mdomoni mwa dohani kivute kwa niaba. Changu nimekitoa kwenye kompyuta mbovu, volti 12, nimekichomeka kwenye adapta ukutani. Nikawasha spiriti, nikawasha feni, moto ukaingia mabombani kwa adabu, maji yakaanza kuimba, mshale wa geji ukanyanyuka. Mwenyekiti akasogeza kiti.

Umeme ukakatika.

Naomba mnielewe hapa. Mashine ya mwaka 1829, ya enzi ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa na taa ya umeme sebuleni, imezimwa na kukatika kwa umeme! Bila taarifa, bila gari la matangazo, kwangu mimi niliyenunua uniti mchana uleule. Moto ukakosa wa kuuvuta, ukageuka, ukarudi mlangoni, na mlangoni alikuwa ameinama mgambo. Nyusi ya kushoto. Haikuungua yote.

"Ndiyo maana wenzake wanapikia porini," mjumbe akasema gizani.

Aliyetuokoa ni bodaboda. Alitoka mbio, akarudi na betri ya pikipiki kaikumbatia, akagusisha nyaya, feni ikagoma, akazigeuza, feni ikazunguka, moto ukarudi ndani. Kila mtu sasa kawasha tochi ya simu. Geji pauni 10. Pauni 20. "Pandisha, mzee, pandisha!" Mwenyekiti huyo. Pauni 30, nikafungua valvu.

Pistoni ikatoka. Ikabaki hapohapo.

"Imekwisha?" mwenyekiti akauliza.

"Imekwisha."

"Treni nzima ndiyo hiyo?"

Sasa nitamwelezaje? Kinachogeuza mvuke uende upande wa pili wa pistoni kinaendeshwa na ekseli, ekseli inangoja magurudumu, magurudumu yanangoja kesho. Nikiwa natafuta maneno, presha ikafika 40 na valvu ya usalama ikafanya kazi iliyowekewa. Fyuuuuuu! Kabanda kote mvuke. Bodaboda katoka na betri yake. Mgambo yuko chini ya meza, rungu liko juu ya meza. Mjumbe peke yake ndiye hakutikisika, amelea watoto huyo.

Mvuke ulipotulia mwenyekiti akarudi kutoka uani akijipangusa. Akalitazama bomba la kutolea mvuke, kuna tone linaning'inia. Akalitega kidole, akalamba, akafikiri kwa muda.

"Maji," akasema, kwa masikitiko. Akalamba tena. "Na oili."

Nikajua yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Akafunua ukurasa wa nyuma wa daftari. "Sasa mzee, tukiwa hapahapa. Mchango wa ulinzi shirikishi, jina lako lina deni." Deni tangu mwezi ambao mimi mwenyewe nilimlipa kijana wao getini, kaandika kwenye kikaratasi, kikaratasi mama watoto kafungia vitumbua. Na huo ulinzi ni wa nani? Wa huyu aliyekuwa chini ya meza yangu? Usiku wanapita mara moja wanapuliza filimbi, nadhani ili mwizi ajue wameshapita. Nililipa. Unabishana vipi na mtu mliyelamba naye bomba moja?

Mlangoni akanirudia, kashusha sauti, sasa naitwa "mzee wangu". Eti kwa vile naelewa mambo ya mvuke, nyumbani ana presha kuka inavuja pembeni, na mkewe kaacha kuitumia kwa woga. Sijajibu ndiyo wala hapana. Asubuhi yake nafungua mlango, presha kuka iko kizingitini, imeletwa na yuleyule bodaboda, na maharage mabichi yamo ndani. Haina ugonjwa wowote, ni mpira wa mfuniko umekatika. Kazi ya dakika tano, ukiupata huo mpira. Nimezunguka mjini, kila mwenye duka ananiambia mpira hauuzwi peke yake, ninunue na sufuria. Lita saba nzima, mpya, kwa ajili ya mpira! Mmoja kanishauri nikate mpira wa pikipiki, nikamuuliza kama yeye atakaa jikoni ukijaribiwa, akaenda kuhudumia mteja mwingine. Na mwenyekiti kapiga simu tena mchana huu. Hata sufuria hakuiulizia. Anauliza yale maharage, niliyatoa au bado yamo.