Anwani ya rejista iandikwe kama inavyotumwa kwenye waya

Ukifungua mwongozo wa moduli ya Modbus (itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya vifaa vya viwandani) ukakuta "joto: 40217", bado hujapewa anwani. Ile 4 ya mbele haitumwi popote. Inakueleza tu kwamba rejista hiyo (kisehemu cha kumbukumbu kinachobeba biti 16) inasomeka na kuandikika, na kwamba itasomwa kwa msimbo wa kazi wa 3, yaani nambari inayoiambia moduli ifanye nini. Tarakimu zilizobaki zimehesabiwa kuanzia 1, ilhali kwenye waya hesabu huanzia 0. Kinachotakiwa kutumwa ni 216. Kuna programu zinazopunguza hiyo moja zenyewe na kuna zinazotuma ulichoandika kama kilivyo. Mbaya zaidi, wapo watengenezaji wanaoandika 40217 wakimaanisha 217 ya kwenye waya.

Naona mtindo huu uachwe kabisa kwenye miongozo mipya. Modicon walipoitoa Modbus mwaka 1979 kwa ajili ya PLC zao (kompyuta za kuendesha mitambo), ulikuwa na mantiki: 0 kwa koili (biti za kuwasha na kuzima), 1 kwa ishara za kuingia, 3 na 4 kwa rejista. Lakini tarakimu tano zinaishia rejista 9,999, na itifaki inaruhusu 65,536 kwa kila jedwali. Ndiyo maana wengine wameongeza tarakimu ya sita, na sasa tunabahatisha mara mbili.

Najua mafundi wengi wameuzoea. Ila kosa lake ni la kimyakimya, na hilo ndilo linaloniudhi. Ukiomba rejista isiyokuwepo, moduli inakujibu kwa kosa namba 2, nawe unajua pa kuanzia. Ukipishana kwa moja ndani ya jedwali lililojaa, unajibiwa vizuri kabisa. Ulitarajia 253, yaani nyuzi 25.3, ukaletewa 248 ya kihisi cha jirani. Nani atashtuka?

Upande wa kutoa ishara ni hatari zaidi. Agizo la msimbo wa 5 lenye thamani FF00, yaani "washa koili hii", likiangukia koili ya jirani, inafunguka vali badala ya kuwaka pampu, na moduli inarudisha ujumbe uleule kuthibitisha kwamba imetekeleza. Kwa mtandao, hakuna kilichoharibika.

Thamani za biti 32 nazo zina lao. Zinakaa kwenye rejista mbili, na itifaki haikuamua ipi itangulie. Nambari 25.0 ni 41C8 ikifuatiwa na 0000. Zikipinduliwa, inatoka nambari ndogo mno hata skrini inaonyesha 0.00, na fundi anaanza kufungua kihisi kizima kisicho na kosa lolote.

PROFINET na EtherCAT, itifaki nyingine za viwandani, zimepunguza adha hii kwa faili la maelezo la mtengenezaji, ambalo programu hulisoma yenyewe. Modbus haina faili hilo, hivyo mwongozo ndio unaobeba kila kitu. Kila mstari wa jedwali utaje msimbo wa kazi, anwani kuanzia 0, aina ya data, mpangilio wa rejista na kigawanyo (kama 10 inayogeuza 253 kuwa 25.3). Kisha uwekwe mfano mmoja wa ujumbe mzima: kwa moduli namba 1 ni 01 03 00 D8 00 01, kabla ya baiti mbili za CRC, zinazohakiki kwamba ujumbe haukuharibika njiani. D8 ni 216. Mstari huo mmoja unamaliza ubishi.

Kwa miongozo iliyopo, mota zikiwa zimekatiwa umeme, washa towe (njia ya kutoa ishara) moja moja na utazame ni taa ipi ya moduli inayowaka.