Nimelipa kiingilio, nimeonana na shangazi wa mtu

Shingo haigeuki. Tangu asubuhi mtu akiniita kutoka kushoto inabidi nizunguke mwili mzima kama kreni ya bandarini. Mke wangu anasema nimelala vibaya. Sikulala vibaya, nilikwenda dansini.

Na kabla hujacheka: mimi ni msikilizaji. Sichezi, sizidishi chupa mbili, sitafuti mtu. Sikinde ilikuwa ngoma yetu Wazaramo kabla haijawa jina la bendi, kwa hiyo mambo haya kwangu si starehe, ni ya ukoo.

Bendi ya jana siitaji, haina kosa. Tangazo lilisema saa mbili. Saa nne fundi mitambo alikuwa bado anahesabu "moja, mbili", tatu hakuifikia. Mlangoni nilitoa 20,000, kiingilio 10,000, chenji nikaambiwa nitaichukua wakati wa kutoka. Soda ya moto. Meza ya jirani wazee wawili wanagombana kama mwimbaji Gurumo alifanya vizuri kuhamia bendi ya Mlimani Park, hao hao Sikinde, mwaka 1978. Mtu kafariki 2014, muacheni apumzike.

Basi wimbo ukaanza. Mnaojua mnajua: mwanzo jamaa anaimba polepole, anamlalamikia mke aliyemwachia watoto, wenzake wanaitikia, wewe umekaa unamhurumia. Halafu gitaa la solo linabadili mwendo, tumba zinakazana, tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja. Hilo ndilo chemko! Ukiwa karibu na spika, besi huisikii kwa masikio, inakugonga mbavuni. Redioni mbavu hazishiriki. Mimi hulipia dakika hizo tu, hizo nyingine nawaachia wenye kiu.

Na dakika hizo ndizo kijana aliyesimama mbele yangu alizochagua kumpigia shangazi yake Tabora. Simu ya video.

Akainua mkono, simu ikakaa palepale alipo mpiga solo. Nikaenda kushoto, naye kushoto. Nikasimama kwa vidole, nikapinda shingo, hii hii. Mwisho nikaamua kuitazama bendi ndani ya simu yake, huko angalau walionekana, wadogo kama siafu.

"Shangazi, unaona?"

"Naona dari!"

"Sasa je?"

"Sasa naona sikio lako!"

Nikamgusa bega. "Kaka, na sisi tunaomba kuona." Akageuka anijibu, akageuka na simu yake. Ghafla nimekodoleana macho na mama wa watu, kanga kichwani, yuko kitandani. Utafanya nini? Tumelelewa. Nikasema shikamoo.

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Chemko linaunguruma, nami natangaza jina la marehemu baba kwa sauti ya mpiga debe.

"Kwenu wapi?"

"Kisarawe!"

"Mzaramo?"

Hapo ndipo nilipokosea, nikakubali. Mnyamwezi akishajua wewe ni Mzaramo, salamu imekwisha, limeanza deni. "Mtani wangu! Babu zetu wamefika pwani na pembe za ndovu mabegani, ninyi mmewapa nini? Njaa! Kuku wangu yuko wapi?"

"Nitamleta, shangazi!"

"Lini?"

"Mwezi ujao!"

"Tarehe ngapi?"

Nyuma watu wananifokea nipunguze kelele. Mimi! Niliyekuja kusikiliza! Solo limekuja, limeondoka, mimi napanga tarehe ya kuku.

Mara yule mama akainua kidole. "Nyamazeni. Hiyo tarumbeta. We mtoto, hebu ishike vizuri hiyo simu." Kijana akakauka. Nami nikakauka. Mama akafumba macho, kichwa kinakwenda taratibu na mpigo. Ukumbi mzima, pamoja na walevi na wapiga picha, aliyekuwa anasikiliza ni yeye, na hakulipa hata senti. "Enzi za Tabora Jazz," akasema, "mtu alikuja dansini kashika mke..."

Bando likaisha.

Jamani, hizo video mnamrekodia nani? Jirani yangu ana dakika 40 za onyesho la mwaka jana, kanionyesha zote. Ni kisogo cha mtu mwanzo mpaka mwisho. Nimekitazama, nimekitazama. Ni changu.

Natoka, wa chenji hayupo. Bodaboda naye anataka bei ya usiku, kana kwamba mchana ananibebaga bure. Nyumbani nimepakwa dawa ya kuchua mpaka chumba kinanuka kama kambi ya mabondia, na mke ananiuliza ni mwanamke gani wa Tabora niliyemuahidi kuku, maana asubuhi ameshapiga mara mbili. Yule kijana aliniomba namba wakati tunatoka, nikampa, kumbe sikujua ni ya nini. Na kuku wa kienyeji mmeuliza bei yake? Halafu nauli ya basi mpaka Tabora, na kuku naye siku hizi wanamkatia risiti ya mzigo.

Inaita tena. Iko upande wa kushoto.