Galoni Hatujazi, Kaka

Usiku wa kuamkia Jumatano ya kwanza ya mwezi mimi silali vizuri. Wenzangu wanasubiri matokeo ya mpira, mimi nasubiri karatasi ya EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, ile ya safu safu. Natafuta Dar es Salaam kwanza, nashusha pumzi, halafu nateremka mpaka wilaya za Kagera niwaone wanaolipa kuliko mimi, ndipo nalala. Bei mpya inaanza saa 6 na dakika 1 usiku. Hiyo dakika moja sijawahi kuelewa ni ya nini. Labda ya kutuachia tumalize kusali.

Mwezi huu imepanda tena. Siyo sana, wanasema. "Siyo sana" naijua mimi, ndiyo iliyonitoa kwenye kuku ikaniweka kwenye dagaa.

Sasa katika hali hiyo, Jumatano hiyo asubuhi, kiti cha mbele nimempakia shemeji yangu. Huyu ni kaka wa mke wangu, yuko Houston mwaka wa kumi na nne, amekuja likizo na kaptura sita. Mtu mwema, sisemi. Lakini hana kipimo hata kimoja kinachofanana na cha binadamu wengine. Urefu wake futi, uzito wake pauni. Juzi alimwambia mama mkwe kwamba kule kwao siku hizi joto ni nyuzi 95. Mama wa watu akaweka kijiko chini, akaanza kumwombea.

Taa ya mafuta ilikuwa inawaka tangu Jumatatu. Hilo halikunishtua, mimi na taa ya ile Toyota IST yangu tumezoeana, ikizimika ndiyo naogopa kwamba waya umekatika. Shemeji ndiye aliyeiona.

"Shem, hii gari inakwenda maili ngapi kwa galoni?"

Nikamwambia inakwenda kazini na kurudi.

Tukaingia sheli. Foleni kama kawaida ya asubuhi ya bei mpya, watu wote tumenuna kama tumeitwa shuleni kwa mwalimu mkuu. Mbele yangu kijana wa bodaboda amelaza pikipiki ubavu, anaitikisa kama mtu anayemtoa mtoto aliyepaliwa, ili tone lililojificha upande wa pili lije limfikishe mita kumi zilizobaki. Haikuwaka. Akaisukuma.

Zamu yetu ikafika. Dada wa pampu akanionyesha sifuri, akauliza swali ambalo nchi nzima inaulizwa: "Ya ngapi, bosi?"

Sikilizeni vizuri hapo. Hakusema lita ngapi. Mimi nina leseni mwaka wa kumi na moja na sijawahi kununua lita. Nanunua elfu kumi. Hicho ndicho kipimo changu na nitazikwa nacho. Bei ikipanda, elfu kumi inabaki elfu kumi, kinachofupika ni safari. Zamani elfu kumi ilikuwa kazini siku tatu na kanisani Jumapili. Agosti 2022, petroli ilipofika shilingi 3,410 hapa Dar, elfu kumi haikutoa hata lita tatu, nikaanza kumuabudu Mungu nyumbani.

"Ya kumi," nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye angeweza kusema "jaza" lakini leo hajisikii.

Shemeji alikuwa ametoa shingo dirishani anasoma pampu. Elfu mbili mia nane na kitu. Akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza tena, halafu akapiga kelele za mtu aliyeokota pochi.

"Dola moja na senti kumi! Shem! Kwetu ni dola tatu! Mnaishi peponi na mnalalamika!"

Foleni nzima ilisikia. Bajaji ya nyuma ilizima injini ili isikie vizuri zaidi.

Nikamwambia taratibu, kwa heshima ya dada yake, kwamba hiyo ni lita. Akasema ndiyo, na yake ni galoni, vyote si mafuta? Nikamwambia galoni yenu ina lita 3.785, kwa hiyo zidisha hiyo dola yako na senti zake, unapata dola nne na ushee. Yaani mimi wa IST nalipa kuzidi wewe unayeishi kwenye mji wa mafuta wenyewe. Nikaona macho yake yanapotea. Mtu anayehesabu kwa inchi, futi, yadi na maili, kumi na mbili mara tatu mara elfu moja mia saba sitini, anashindwa kuzidisha mara nne kasorobo! Akaamua kumuuliza mtaalamu.

"Samahani dada. Galoni moja hapa bei gani?"

Uso wa yule dada ukabadilika. "Galoni hatujazi, kaka."

"Hamjazi galoni?"

"Ni marufuku. Labda uwe na kibali."

"Shem, nchi imepiga marufuku galoni?"

"Tunaweka kwenye tanki la gari tu, kaka. Galoni, dumu, chupa, haturuhusiwi. Mnaenda kuuza mitaani nyumba zinaungua."

"Dada, mimi sina galoni. Nauliza galoni."

"Iko wapi?"

"Haiko popote! Ni kipimo!"

Dada akachungulia kiti cha nyuma. Na kwa bahati yangu ninayoijua mwenyewe, pale kiti cha nyuma lilikaa dumu la lita tano, la maji ya rejeta. Akalitazama. Akanitazama. Nikajaribu kutabasamu kama mtu asiyeuza petroli uchochoroni, sura ambayo ni ngumu sana kuitengeneza ukiwa umeambiwa uitengeneze.

"Na lile?"

"Lile la maji."

"Wote mnasema la maji."

Akamwita msimamizi. Msimamizi akaja na rundo la funguo, akafungua mlango wangu wa nyuma, akafungua dumu, akanusa. Akanusa mara ya pili. Nyuma honi zikaanza. Kijana wa bodaboda akasema kwa sauti, mwacheni mzee wa watu, galoni si zinauzwa pale kwa fundi rangi? Mwingine akasema huyo wa kaptura ni mzungu mweusi, muulizeni polepole. Mimi nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili kama naendesha, ili nisimshike shemeji.

Ndipo akashuka mzee mmoja kwenye Carina iliyokuwa nyuma yetu. Balaghashia, fimbo, kalamu mfukoni. Tukamwamkia, akasema marahaba, akajitambulisha kwamba amestaafu ukaguzi wa mizani, na nikajua leo kazini sifiki.

"Kijana," akamwambia shemeji, "unauliza galoni ipi?"

"Ziko ngapi?"

Mzee akafurahi. Nadhani tangu astaafu hajawahi kuulizwa. Akasema galoni ya Mmarekani ni galoni ya mvinyo, ya enzi za Malkia Anne wa Uingereza, mwaka 1707, inchi za ujazo 231. Wamarekani wakaondoka nayo. Mwingereza mwenyewe baadaye, mwaka 1824, akaitupa, akatengeneza nyingine ya kujaa pauni kumi za maji, ndiyo hiyo lita 4.546 aliyotuletea huku. "Kwa hiyo baba, nyie mnaweka mafuta kwa kipimo cha pombe ambacho mwenye pombe alikwisha kukiacha." Foleni ikacheka, hata msimamizi akasahau kunusa.

"Na hilo debe mnalopimia mahindi," mzee akaendelea, sasa anatuhutubia sote, "mnajua limetoka wapi? Bati la mafuta ya taa. Galoni nne za Mwingereza. Lita kumi na nane na kidogo! Sasa mtu anakwambia debe ni ishirini!"

Akaingia Canada. Mwaka 1983, anasema, ndege kubwa ya abiria ya kule iliishiwa mafuta angani, kwa sababu nchi ilikuwa inahamia vipimo vipya, wajazaji wakachanganya pauni na kilo, ikapaa na nusu ya mafuta yanayotakiwa. Rubani akaiteremsha kwa kuserereka tu, injini zimezima zote, mpaka ikatua mji unaoitwa Gimli, wala hakufa mtu.

"Hata mimi hufanya hivyo mteremko wa Kimara," akasema wa bajaji.

Nikaona nami nisibaki nyuma kwenye gari langu mwenyewe. Nikamwambia shemeji: Juni 2022 galoni yenu ilipovuka dola 5 kwa mara ya kwanza kwa wastani wa nchi nzima, ulinipigia simu usiku unalia. Ulituma picha ya pampu. Dada yako akataka tukuchangie! Miezi miwili baadaye mimi nalipa 3,410 kwa lita, na dola wakati ule ilikuwa kama 2,330. Piga hesabu. Ni dola tano na nusu kwa galoni yako hiyo ya mvinyo. Nilikupigia? Nilikutumia picha ya pampu? Nilipanda daladala nikanyamaza.

Hapo sauti ilinipanda, nakiri. Dada wa pampu akasema, "Bosi, bado hujalipa."

Shemeji, kwa kuona aibu, akasema analipa yeye. Akatoa kadi. Mashine ikatafuta mtandao, ikatafuta, ikaishiwa chaji. Akatoa noti ya dola ishirini. Msimamizi akaitazama kama lile dumu, akasema dola hawapokei. Nikalipa mwenyewe. Lita tatu na nukta tano na kitu. Msimamizi akabaki na dumu "kwa usalama".

Njiani nilinyamaza, lakini kichwani naendelea kuhesabu, ugonjwa huu ukiushika haukuachii. Binamu yangu yuko Maskati, kule petroli ya oktani 95 serikali iliizuia isizidi bei ya Oktoba 2021, baisa 239 kwa lita, baisa ndiyo senti ya Oman. Kwa hela yetu ni elfu moja na mia tano na ushee. Baisa, jamani, ndugu yake na hii pesa yetu, wao zinawatosha. Mwenzangu wa Kayole, Nairobi, yeye msiba wake ni tarehe 14 ya kila mwezi jioni, Kenya ikitangaza bei mpya. Septemba 2023 Nairobi ilipogonga shilingi 211 na senti 64 aliniandikia neno moja tu, "weuh". Bukavu kuna jamaa ananunua kwa Kadhafi, ndivyo wanavyowaita vijana wa petroli ya barabarani, kipimo ni chupa, na chupa ina kitako kirefu. Dereva wa lori wa Burundi niliwahi kumuuliza bei ya kwao, akanijibu kwa swali: kwani yapo? Mwingereza naye ananunua kwa lita, anaendesha kwa maili, akitaka kusifia gari lake anarudi kwenye galoni ileile ya 1824. Hao ndio waliotufundisha hesabu.

"Lakini shem," shemeji akasema tukiwa Ubungo, "kwa nini hujazi tanki kabisa?"

Sikumjibu. Nilizima kiyoyozi, hilo ndilo lilikuwa jibu.

Jioni mke wangu akatutuma sokoni, sado mbili za maharage na kiroba cha mkaa. Mkaa tukauacha, maana kiroba kilikuwa kimeshonewa kofia ya lumbesa juu lakini chini kimejaa vumbi, na mimi siku hiyo nilikuwa nimeshavunjwa na vipimo vya kutosha. Maharage tukapanga foleni. Muuzaji akachota, akapiga kisado ubavuni, akaweka kiganja juu kupangusa kilele, na vidole vyake vile vinne vilikuwa vimezama ndani kabisa, vinapimwa pamoja na maharage. Na kitako cha bati kimebonyezwa kuingia ndani, mfano wa kofia ya askari iliyokaliwa.

Shemeji akainama. Kopo la rangi lile, la lita nne, maandishi bado yanasomeka pembeni. Nikaona midomo yake inahesabu. Akang'aa uso mzima.

"Shem! Hii si ndiyo galoni?"

Mama wa maharage akamwangalia kuanzia viatu mpaka kaptura.

"Hii ni sado, mwanangu. Galoni nenda sheli."

Na maharage yenyewe, tulipofika nyumbani, yalikuwa na mawe. Mke wangu ameyaweka kwenye sahani, anasema ni kama robo. Robo ya nini sikuuliza.