Kifaa Hakibebi Watu 200

Kuna mstari unaojirudia kwenye nukuu za bei za mtandao wa Wi-Fi wa ofisi, na umenichosha: "Aksesi pointi AX1800, watumiaji 200+, vipande 2, inatosha ghorofa nzima." Aksesi pointi ni kile kifaa kinachorusha Wi-Fi. Ofisi ina wafanyakazi 120. Mhasibu anagawanya, anaona mbili zinatosha na nafasi inabaki, anasaini. Jumatatu saa 3 asubuhi mikutano ya video inapoanza, sauti zinakatika, picha zinaganda, na lawama zote anabebeshwa kijana wa IT ambaye hakuulizwa chochote wakati wa kununua. Inaniuma, kwa sababu hesabu ya kuepuka balaa hili inaenea kwenye karatasi moja.

Tuanze na hiyo 200. Ni idadi ya vifaa ambavyo kumbukumbu ya aksesi pointi inaweza kuviorodhesha kuwa vimeunganishwa. Hata simu iliyolala mfukoni imeunganishwa. Nayo 1800 ni kasi ya megabiti kwa sekunde (Mbps), jumla ya redio mbili zilizo ndani ya kifaa: 574 za masafa ya 2.4 GHz na 1201 za 5 GHz. Hiyo ni 1775, kisha ikapandishwa. Kufikia 1201 kunahitaji chaneli yenye upana wa MHz 80, kompyuta ya Wi-Fi 6 (toleo lililofuata Wi-Fi 5) yenye antena mbili, na mtumiaji aliyekaa karibu kabisa na aksesi pointi. Hata hapo, hiyo ni kasi ya kiungo cha hewani tu. Data inayofika kweli ni kama nusu yake, kwa sababu muda mwingi unaishia kwenye kusubiri zamu, kuthibitisha mapokezi na kurudia pakiti (vifurushi vya data) zilizopotea.

Zamu ndiyo kiini cha jambo lote. Kwenye chaneli moja anazungumza mmoja tu kwa wakati, awe aksesi pointi au kompyuta ya mtu, na wote wanaomsikia hunyamaza. Kwa hiyo kinachogawanywa ofisini ni muda wa hewani, si megabiti. Fikirieni bomba moja la mtaa. Kuhesabu ndoo zilizo kwenye foleni hakukuambii kitu mpaka ujue kila ndoo inajaa kwa dakika ngapi, na mwenye dumu la mdomo mwembamba anawachelewesha wote walio nyuma yake.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua ghorofa moja ya ofisi ya watu 120, kila mmoja na kompyuta mpakato na simu, yaani vifaa 240. Usichukue wastani wa siku, chukua saa mbaya kuliko zote. Tuseme Jumatatu asubuhi watu 40 wako kwenye mikutano ya video, 60 wanatumia barua pepe na mfumo wa uhasibu, na simu 80 zinapokea WhatsApp na kujisasisha.

Mkutano wa video wa watu wengi kwenye Zoom, kwa picha ya 720p, unataka kama Mbps 2.6 kupandisha na 1.8 kushusha. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kwenye waya njia ni mbili, unaweza kuzitenganisha. Hewani njia ni moja, kwa hiyo unajumlisha: 4.4.

Kisha uliza kompyuta hiyo inaweza nini pale ilipo. Mpakato wa Wi-Fi 5 wenye antena mbili, kwenye chaneli ya MHz 20, kasi yake ya juu kabisa ni Mbps 173.3. Uweke kwenye meza ya kawaida, mita chache na kizigeu kimoja cha kioo, unashuka hadi kama 115, na data halisi inabaki karibu 50. Gawanya 4.4 kwa 50: mtu mmoja kwenye video anakula asilimia 8.8 ya muda wa redio moja. Watu 40 ni asilimia 352. Wale 60 wa barua pepe, tuwape Mbps 1 kila mmoja, wanakula asilimia 2 kila mmoja: 120. Simu tuzipe uwezo wa nusu ya mpakato, 25. Zikitumia Mbps 0.3 ni asilimia 1.2 kila moja, na zote 80 ni 96.

Jumla ni asilimia 568. Redio isipangiwe zaidi ya asilimia 70 ya muda wake, maana ikivuka hapo foleni inaanza kurefuka na sauti ndiyo ya kwanza kuumia. Gawanya 568 kwa 70, unapata 8.1. Redio tisa za 5 GHz, yaani aksesi pointi tisa. Tisa, ndugu zangu, na nukuu ilisema mbili. Masafa ya 2.4 GHz sijayahesabu kabisa, na msiyahesabu. Yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na majirani wa juu na chini wamekwisha kuzijaza. Waachieni printa na vifaa vya zamani.

Na yule wa pembeni, nyuma ya ukuta wa tofali za saruji unaokula desibeli 10 au zaidi? Kasi yake ya kiungo inashuka mpaka 13, data halisi labda 6. Mkutano wake mmoja wa video, 4.4 kwa 6, unakula asilimia 73 ya redio nzima. Mtu mmoja! Ndiyo maana "mawimbi yanafika" si jibu. Mwenye vijistari viwili kwenye simu yake amefikiwa, na kwa kufikiwa hivyo anawanyima wenzake. Lengeni kila kiti kipate -67 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, kikikaribia sifuri ndivyo bora) au bora zaidi, na muipime kwa kifaa dhaifu kuliko vyote ofisini, kwa sababu hicho ndicho kitakachoishi hapo.

Atatokea wa kusema Wi-Fi 6 imeleta OFDMA, mbinu ya kuigawa chaneli vipande, hivyo aksesi pointi inahudumia vifaa kadhaa kwa mpigo mmoja. Ni kweli, inasaidia, hasa pakiti ndogondogo za sauti. Lakini vipande vinavyogawanywa ni vya chaneli ile ile, na kompyuta za Wi-Fi 5 hazionji chochote. Hesabu kwanza ngapi ofisini kwako ni za Wi-Fi 6, ndipo upunguze namba.

Kununua tisa bado si mwisho. Aksesi pointi mbili zinazosikiana kwenye chaneli moja zinagawana zamu ile ile, kwa hiyo ni kama umelipia mbili ukapata moja. Ndiyo sababu nasisitiza MHz 20. Bila kugusa chaneli za rada, 5 GHz inakupa tisa za MHz 20: 36, 40, 44, 48, 149, 153, 157, 161 na 165. Ukiacha mafundi waweke MHz 80 ili kipimo cha kasi kwenye simu ya meneja kipendeze, zinabaki mbili tu, na redio zako tisa zinapigania hizo mbili. Chaneli za 52 hadi 144 zinaongeza nafasi, ila aksesi pointi ikisikia rada inalazimika kuihama chaneli na kukaa nje dakika 30. Karibu na uwanja wa ndege au rada ya hali ya hewa, ziepukeni hasa 120 hadi 128. Kabla ya yote hayo, soma TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wanaruhusu nini. Walioko Kenya, Mamlaka ya Mawasiliano.

Majina ya mtandao nayo yanakula. Kila jina linatangazwa kila milisekunde 102.4. Kwenye 2.4 GHz, tangazo la baiti 300 likitumwa kwa Mbps 1 linachukua milisekunde 2.4, yaani zaidi ya asilimia 2 ya muda. Weka majina manne, la wafanyakazi, wageni, wakurugenzi na "mradi", kwenye aksesi pointi tatu zinazosikiana, na asilimia 28 ya chaneli imekwisha kabla mtu hajafungua barua pepe. Bakisheni mawili, zimeni kasi za 1, 2, 5.5 na 11, ya chini kabisa iwe 12.

Msizipange kwenye korido. Huko hakuna mtu anayefanya kazi, na zinasikiana moja kwa moja kama spika zilizoelekezwa upande mmoja. Ziwekeni ndani ya vyumba, chini ya dari na si juu yake, na nguvu ipunguzwe hadi 14 au 17 dBm, kwa sababu simu haina sauti ya kuijibu aksesi pointi inayopiga kelele.

Vitu vitatu vya mstari mmoja mmoja. Vifaa 240 kwenye mtandao wa anwani 254, na DHCP (huduma inayogawa anwani hizo) ikizishikilia kwa siku 8, vitakwama mara wageni wakiingia. Punguzeni muda wa kushikilia uwe wa saa 8 tu, na wekeni eneo la anwani kubwa zaidi. Swichi ya 802.3af, kiwango cha kupeleka umeme kwa kebo ya mtandao, inatoa wati 15.4 kwa mlango, na aksesi pointi inayotaka 802.3at, kiwango chenye umeme zaidi, hapo itazima baadhi ya redio zake au haitawaka. Na mikutano 40 inapandisha Mbps 104, kwa hiyo muulizeni mtoa huduma kasi ya kupandisha, si ya kushusha pekee.

Nafuu kubwa kuliko zote ni waya. Meza isiyohama, runinga ya chumba cha mikutano na kompyuta ya mapokezi vipewe kebo. Watu 15 kati ya wale 40 wakihamia kwenye waya, asilimia 132 zinaondoka kwenye hesabu, na tisa zinakuwa saba.

Makabidhiano ya Jumamosi, ofisi ikiwa tupu, yakataeni. Miili ya watu hunyonya mawimbi, na foleni haipo bila watu. Kwenye mkataba andikeni: kipimo cha iperf3 (programu ya kupima kasi ya mtandao) kutoka viti kumi vitakavyochaguliwa na mteja, vikiwemo vya pembeni, kwenda kwenye kompyuta iliyo kwenye waya, siku ya kazi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na matumizi ya kila chaneli yasizidi asilimia 70. Malipo ya mwisho yatoke baada ya hapo.