Mkasi uliobaki ndani ya muhogo

Mamdogo wangu wa Micheweni, Pemba, aling'oa shina la muhogo mbele yangu. Majani kijani kibichi, huwezi kulidhania. Alipomenya na kukata, ndani mna mabaka ya kahawia, makavu, magumu. Nusu pakacha ikaenda kwa mbuzi. Ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia: unaenezwa na inzi weupe, na vijiti tunavyopeana sisi wenyewe.

Kwa hiyo mjadala wa kuhariri jeni, yaani kukata na kurekebisha vinasaba vya mmea wenyewe, na sheria gani iyasimamie mazao hayo, kwangu si wa maabara. Watafiti wamezima jeni mbili za muhogo wenyewe ambazo virusi vya ugonjwa huo huzitegemea, na mabaka mizizini yakapungua, ingawa hayakwisha. Nigeria mwaka 2020 na Kenya mwaka 2022 zilitoa miongozo: zao lililohaririwa lisilobakiwa na jeni ngeni, yaani ya kiumbe kingine, laweza kuhesabiwa kama zao la kawaida. Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Julai 2018, iliamua kinyume. Mazao yote yaliyohaririwa yaingie kwenye sheria ya GMO, yaani viumbe vilivyobadilishwa jeni.

Njia ya Kenya inaonekana nafuu kwa mkulima, na kwa mpunga ni nafuu kweli. Lakini jeni hukatwa kwa mkasi wa maabara ambao mara nyingi nao huingizwa ndani ya mmea kama jeni ngeni. Mpunga ukizalishwa kwa mbegu, vizazi vinavyofuata huchujwa, ukachaguliwa usio na mkasi. Muhogo hupandwa kwa vijiti. Ukiuchavusha ili uutoe mkasi, unachozaa si muhogo ule tena; ladha na uzao wake vimekwenda. Njia za kuhariri bila kuuacha mkasi zipo, ila kwa muhogo bado ni ngumu. Basi mkasi unabaki, na chakula cha maskini kinarudi kwenye sheria kali, huku mpunga ukipita. Mgomba nao yake ndiyo hayo hayo.

Wanaopinga wana hoja, na nzito yao ni ya umiliki: hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, za teknolojia hii ziko Marekani na Ulaya, na Pemba kijiti cha muhogo jirani hupewa bure. Hofu hiyo naikubali. Dawa yake ni kifungu cha leseni kinacholinda kijiti cha jirani. Kuuzuia utafiti hakumlindi mtu.

Kilimo si jambo la Muungano. Zanzibar inaweza kuandika kanuni zake zikaupima muhogo wenyewe: una sumu kiasi gani, unaathiri nini kondeni, mkasi uliobaki unafanya kazi gani. Mamdogo keshaniuliza mara mbili atapata wapi vijiti vizima vya msimu ujao.