Mgonjwa ni wetu, woga ni wa Marekani

Wiki iliyopita mjomba katupia klipu kwenye grupu la familia, ya huko Marekani, watu wamejikunja barabarani mchana kweupe hawajielewi, chini kaandika "hizi ndio dawa mnazompa dada yenu". Ikawa shughuli. Shangazi akaleta dua, binamu wa chuo akaleta takwimu, na kabla watu hawajala cha usiku mtu kashatoa amri ile chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu anayotumia mama mdogo, ifichwe. Mtoa amri mwenyewe yuko Mwanza, mgonjwa yuko Mbagala.

Mama mdogo ana kansa ya titi na imeshaingia kwenye mifupa. Kama umewahi kukaa na mgonjwa wa hivyo unajua. Halali, anakesha kaegemea ukuta na mito mgongoni, ukimgusa ili umgeuze anakushika mkono kwa nguvu ambayo hujui kaitoa wapi. Hospitali ya kwanza walimpa panadol na diklofenaki, zikiisha rudi chukua nyingine, mpaka tumbo likaanza kumchoma na maumivu yako palepale. Tulivyouliza mofini tukaambiwa "bado hajafikia huko". Huko wapi jamani? Kuna kipimo cha kulia?

Tulikokuja kuipata, nesi alitoa kichupa cha dawa ya maji, akavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akatuonyesha kwa kucha mstari wa kuishia, akasema kila baada ya masaa manne, ya kulala mnampa mara mbili yake ili asiamke usiku wa manane. Basi, hakuna mashine wala drip. Haikupita muda akaanza kugomba kwamba uji hauna sukari na nani kaacha mlango wazi, na mimi sitanii, nilikuwa nimemiss kugombezwa na yule mama.

Sasa hiyo Marekani yenu. Kule kampuni ya Purdue Pharma ilitoa OxyContin, vidonge vya maumivu vya jamii ya mofini, mwaka 1996, ikamwaga watu wa mauzo kwa madaktari kuwaambia uraibu ni nadra sana, andika tu, hata kwa mtu anayeumwa mgongo. 2007 kampuni ikakiri mahakamani kwamba ilipotosha, ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 600, na vidonge vikaendelea kuuzwa. Walionogewa wakibanwa vidonge wanahamia heroini, halafu ikaja fentanyl ya vichochoroni, ya jamii hiyohiyo ila kali kuliko heroini, ndio ikamaliza watu kabisa. Ni msiba na sibishi. Ila ule ni msiba wa dawa kumwagwa kama njugu kwa sababu ya faida, sisi huku tunazungumzia kichupa kinachotoka kwenye kabati lenye kufuli na daftari la kusaini!

Na hesabu zipo. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2017 ilisema kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zinapata tani 0.1. Soma tena. Yani wao wamevimbiwa, halafu sisi wenye njaa ndio tunaambiwa tupunguze kula.

Mnataka mfano wa jirani, Uganda hapo. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, hospisi yaani huduma ya kuwatuliza wagonjwa wa magonjwa yasiyopona, mwaka 1993, wakachukua unga wa mofini, wakachanganya na maji, wakaweka rangi ili nguvu ndogo na nguvu kubwa zisichanganywe, ikawa dawa ya bei ya mtu wa kawaida. 2004 sheria yao ikaruhusu manesi na maafisa tabibu waliosomea hiyo kazi waiandike wenyewe, kwa sababu mgonjwa wa kijijini hawezi kumsubiri daktari ambaye hayupo. Na mimi sijasikia Kampala imejaa mateja wa chupa za hospisi. Mateja wetu hapa Dar, wale wanaopanga foleni ya methadone, dawa ya kuwaachisha unga, walianzia kwenye unga wa mtaani, sio kwa nesi wa kansa.

Haya nakubali, ukimpa mtu hovyo atazoea, ukizidisha anaweza akashindwa kupumua, na ndio maana ipimwe na ifungiwe na watoto wasiifikie. Sawa. Kwani insulini ukizidisha si inaua? Mbona hatuifichi?

Wanaosema mofini ni ya mtu anayekufa nao wana lao, wakati imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu ile ya kwanza kabisa, 1977. Na wa "avumilie, ni mtihani", vumilieni kwanza jino lenu wenyewe.

Kitu ambacho grupu zima hakuna aliyekiuliza ni choo. Mofini inafunga choo vibaya mno, sio ya kusubiri uone, itafunga, kwa hiyo siku mnayopewa chupa daini na dawa ya kulainisha choo hapohapo dirishani, msipoambiwa ulizeni, maana mgonjwa akikaa siku kadhaa bila kwenda ataikataa mwenyewe, na hapo hata mjomba hatakuwa na haja ya kutuma klipu.